Wimbo wa Magritte na mkewe ni uongo? Na je, nimwimbie mke wangu?

"Shikamoo mwalimu. Mimi huimba sauti ya tatu katika kwaya ya kanisa hapa Dar es Salaam, na pamoja na wenzangu wanne tumeunda kikundi cha kuimba bila vyombo. Mke wangu ni mchoraji. Mwakani tutatimiza miaka kumi ya ndoa, nami nimekusudia kumwimbia mbele ya wageni ule wimbo wa mwimbaji wa Kimarekani Paul Simon kuhusu mchoraji René Magritte, mkewe Georgette na mbwa wao baada ya vita. Rafiki yangu aliyesomea sanaa amenionya nisithubutu. Anasema Magritte hakuwahi kucheza dansi kwa muziki wa vikundi vya Kimarekani vinavyotajwa humo, kwamba ndoa yake yenyewe ilikuwa na doa, na kwa hiyo wimbo wote ni uongo mtupu. Je, ni kweli? Na je, niuimbe kama ulivyo, niutafsiri kwa Kiswahili, au nitunge wangu kwa mtindo huo? Wenzangu wanataka nitunge, lakini sijui nianzie wapi."

Marahaba, ndugu yangu, na hongera kwa kuikaribia miaka kumi. Barua yako ina maswali mawili. La kwanza ni la historia, yaani iwapo mambo yanayosimuliwa katika wimbo yalitokea. La pili, ambalo nadhani ndilo linalokusumbua zaidi, ni iwapo inafaa kumwimbia mkeo wimbo ambao rafiki msomi ameutilia shaka. Nitaanza na la kwanza, maana likieleweka, la pili litakuwa jepesi kuliko unavyodhani.

Rafiki yako anaujua ukweli wa mambo, ila amefikia hitimisho lisilotokana na ukweli huo. Wimbo huo, ambao jina lake kamili ni "René and Georgette Magritte with Their Dog after the War", umo katika albamu ya Hearts and Bones iliyotoka mwaka 1983. Simon amesimulia kwamba alikuwa nyumbani kwa mwimbaji Joan Baez, akapekua kitabu kuhusu Magritte wakati mwenyeji wake anaongea na simu, akakuta picha ya wanandoa hao na mbwa wao ikiwa na maelezo mafupi chini yake. Wimbo ulianzia katika maelezo hayo ya picha. Hakuahidi kuandika wasifu wa mtu, na si haki kumdai asichoahidi.

Sasa tuutazame wasifu wenyewe, maana una utajiri kuliko rafiki yako alivyokudokezea. René Magritte alizaliwa mwaka 1898 huko Lessines, Ubelgiji. Alikuwa na miaka 13 mama yake alipojitosa mtoni na kufa maji, mwaka 1912. Mwaka uliofuata, kwenye maonyesho ya burudani mjini Charleroi, alikutana na msichana mdogo aitwaye Georgette Berger. Vita Kuu ya Kwanza ikawatenganisha, kisha mwaka 1920 wakakutana tena kwa bahati katika bustani ya mimea ya Brussels, mji ambao Georgette alikuwa akifanya kazi katika duka la vifaa vya wachoraji. Walifunga ndoa Juni 1922, na waliishi pamoja hadi René alipofariki Agosti 1967. Hiyo ni miaka 45, na katika muda huo Georgette alikuwa mwanamke aliyemkalia mumewe achorwe mara nyingi kuliko mwingine yeyote.

Doa analolisema rafiki yako lilikuwepo kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1930 René aliingia katika uhusiano na Sheila Legge, msanii wa London, na Georgette naye akavutwa na mshairi Paul Colinet, ambaye, kwa kinaya, René mwenyewe ndiye aliyemwomba awe karibu na mkewe. Wajerumani walipoivamia Ubelgiji Mei 1940, René alikimbilia Carcassonne, kusini mwa Ufaransa, na Georgette akabaki Brussels. Alirejea baada ya miezi michache, wakapatana, na hawakuachana tena. Kwa hiyo unaposikia maneno "baada ya vita" katika jina la wimbo, unaweza kuyapa uzito wa vita viwili, vya Ulaya na vya nyumbani kwao. Sisemi kwamba Simon alikusudia hivyo. Ninachosema ni kwamba msikilizaji anayeijua historia hausikii wimbo huo ukipungukiwa kitu. Anausikia umeongezeka kina.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani litamchekesha mkeo, kwa kuwa ni mchoraji. Katika miaka ya 1940 Magritte alijaribu mitindo mipya. Kwanza, tangu wakati wa vita, alichora kwa rangi nyororo zenye mwanga kama za mchoraji Mfaransa Renoir, halafu mwaka 1948 akatoa kundi la michoro ya makusudi mabaya, ya rangi za kelele, akaionyesha Paris ili kuwaudhi wajuzi wa huko. Wajuzi waliudhika kweli, na hakuna aliyenunua. Georgette naye hakuipenda, na René akaandikia marafiki kwamba atarudia uchoraji wa zamani uliotulia, zaidi kwa kumridhisha mkewe. Picha nyingi zinazompa jina leo, kama ile ya wanaume wenye kofia nyeusi wanaoelea angani kama mvua, ya mwaka 1953, zilikuja baada ya uamuzi huo.

Tuje kwenye muziki. Hapa nako rafiki yako ana hoja. Katika wimbo, wanandoa wanarudi hotelini, wanavua nguo zao za jioni na kucheza dansi kwa mbalamwezi kwa nyimbo za vikundi vinne: Penguins, Moonglows, Orioles na Five Satins. Baadaye wanatembea katika mtaa wa Christopher, New York, na mwishoni, wakiwa wazee wanaokula chakula cha usiku na wakubwa wa dunia, vikundi hivyohivyo ndivyo wanavyovikuta vimefichwa ndani kabisa ya mioyo yao. Uhalisia ulikuwa mwingine. Miaka ya baada ya vita waliishi katika nyumba ya kupanga mtaa wa Esseghem, kitongoji cha Jette, Brussels, tangu 1930 hadi 1954, na René alikuwa akichora kwenye kona ya chumba cha kulia chakula, amevaa suti. Marekani walifika kwa mara ya kwanza mwaka 1965, kwa ajili ya maonyesho makubwa ya kazi zake katika jumba la sanaa za kisasa la New York, na mbwa wao Loulou wakamchukua. Wakati huo vikundi vile vilikuwa vimeshapitwa, redio zimejaa vijana wa Kiingereza wenye magitaa.

Hata hivyo, msimfanye Magritte kuwa mtu aliyekuwa mbali na nyimbo za watu wa kawaida. Shemeji wa Georgette, yaani Paul, mdogo wake René, alikuwa mtunzi wa nyimbo za dansi, na René mwenyewe katika miaka ya 1920 alijipatia riziki kwa kuchora majalada ya karatasi za nyimbo zilizouzwa madukani. Wimbo wa mapenzi wa senti chache haukuwa kitu kigeni nyumbani kwao. Kilichokuwa kigeni ni wimbo huu mahususi, wa vijana weusi wa Marekani.

Na hao vijana ni nani? Hili lazima ulielewe vizuri kama unataka kuimba kwa mtindo wao, unaoitwa duwopu. Orioles walitoka Baltimore na kuanza kuvuma mwaka 1948. Penguins walitoka Los Angeles, na wimbo wao uliowajulisha duniani, wa 1954, ulirekodiwa kwenye gereji ya nyumba ya mtu. Moonglows walikulia kisanii Cleveland. Five Satins walitoka New Haven, na wimbo wao mkubwa wa 1956 ulirekodiwa kwenye chumba cha chini ya kanisa. Wengi wao walikuwa vijana wasio na uwezo wa kununua vyombo, kwa hiyo sauti zikafanya kazi ya vyombo: besi akawa gitaa zito, sauti za katikati zikawa kinanda, na sauti nyembamba ya juu ikapaa mahali ambapo fidla ingekuwa. Waliimba kwenye kona za mitaa, kwenye ngazi za majengo na kwenye vyoo vya shule, kwa sababu kuta ngumu zenye vigae hurudisha sauti na kuifanya iwe nene. Zile silabi zisizo na maana wanazoitikia zina kazi yake: konsonanti hupiga mdundo, vokali huunganisha sauti nne ziwe moja.

Paul Simon alizaliwa 1941, akakulia Queens, New York, akiwa kijana wa balehe wakati ule ule nyimbo hizi zikitawala redio. Mwaka 1957, akiwa na umri wa miaka 16, alikuwa tayari amerekodi wimbo na rafiki yake Art Garfunkel. Hapo ndipo penye siri ya wimbo wako. Muziki uliofichwa katika mioyo ya Magritte na mkewe ni muziki wa ujana wa Simon mwenyewe. Alichukua kumbukumbu yake, akaiweka chumbani kwa wazee wawili wa Ubelgiji asiowahi kuwajua, na akasimulia kwa utulivu kama kwamba hakuna la ajabu. Na katika kurekodi, waitikiaji hakuwatafuta miongoni mwa vijana wa studio. Aliwaita Harptones, kikundi halisi cha Harlem cha miaka ya 1950, ambao wakati huo walikuwa watu wazima kabisa.

Sasa mwulize rafiki yako aliyesomea sanaa: hiyo si kanuni ya Magritte mwenyewe? Mchoro wake wa mwaka 1952, unaojulikana kama Les valeurs personnelles, unaonyesha chumba cha kulala chenye kitanda na kabati la kioo, lakini kitana ni kikubwa kiasi cha kuegemea ukutani juu ya kitanda, brashi ya kunyolea imelala juu ya kabati, na kuta ni mawingu. Kila kitu kimechorwa kwa uaminifu mkubwa, vivuli viko mahali pake. Ajabu iko katika kuvikutanisha vitu, wala si katika kuviharibu. Simon amefanya hivyohivyo kwa sauti: wanandoa ni wa kweli, mbwa ni wa kweli, vikundi ni vya kweli, mtaa wa Christopher upo hadi leo, kukutana kwao tu ndiko kusikowezekana. Kwa maoni yangu ni mojawapo ya nyimbo chache zilizomheshimu mchoraji kwa kuifuata njia yake ya kazi badala ya kumsifu kwa maneno. Kuuita uongo ni sawa na kulalamika kwamba wanaume hawaelei angani.

Hilo la kwanza limekwisha. La pili: ufanye nini?

Kuuimba kama ulivyo kunawezekana, na kwa sherehe ya nyumbani hakuna atakayekudai chochote. Faida yake ni kwamba mkeo atasikia kitu kizuri kilichokamilika. Hasara yake utaiona ukumbini: wageni wengi hawatafuata Kiingereza chenye majina ya kigeni mengi kiasi hicho, na uzuri wa wimbo umo katika kuyafuata maneno. Kama muda uliobaki ni miezi miwili, chagua njia hii na uifanye vizuri. Kama una mwaka mzima, endelea kusoma.

Kutafsiri sikushauri. Sababu ya kwanza ni ya kiufundi. Mistari ya Kiingereza mara nyingi huishia kwenye silabi yenye mkazo, na melodia imetungwa itue hapo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo kila mstari utakuwa na silabi moja laini inayoning'inia baada ya noti ya mwisho, na ukiilazimisha itue kwenye noti ndefu utasikika kama mgeni anayejifunza lugha. Unaweza kubadilisha melodia, lakini basi si wimbo ule tena. Sababu ya pili ni ya kisheria: tafsiri ni kazi inayotokana na kazi ya mwingine, nayo huhitaji idhini. Haki za utunzi wa nyimbo za Simon ziliuzwa kwa Sony Music Publishing mwaka 2021. Kuandikiana na kampuni ya ukubwa huo kwa ajili ya sherehe ya familia ni mzigo usio na sababu.

Kutunga wako ndiko kunakobaki, na wenzako wanaona mbali. Wazo la kutunga wimbo kuhusu ndoa ya mchoraji si mali ya mtu. Sheria hulinda maneno na melodia, hailindi wazo. Lakini nakuomba usiyachukue majina ya vikundi vya Kimarekani na kuyapachika kwenye wimbo wako. Simon alitumia duwopu kwa sababu ndio muziki uliokuwa umelala ndani yake. Ndani yako na ndani ya mkeo umelala upi? Inaweza kuwa zilipendwa mlizozisikia redioni kwa wazazi wenu, NUTA Jazz au Western Jazz. Inaweza kuwa tenzi za kwaya mlimokutania. Inaweza kuwa taarabu iliyokuwa ikipigwa kwa jirani. Mwulize mkeo kwa ujanja, bila kumshtua, ni nyimbo zipi alizisikia utotoni na hazijamtoka. Jibu lake ndilo litakalokupa kiitikio.

Kwa kuanzia, tafuta picha yenu moja ya kawaida, ikiwezekana isiwe ya harusi. Andika chini yake maelezo makavu kama ya gazeti: majina yenu, mahali, kitu kimoja au mnyama aliyekuwepo, na wakati. Usiweke neno la sifa hata moja. Mstari huo ndio utakaorudiwa, kama Simon anavyorudia jina lake refu la wimbo tena na tena mpaka linageuka kuwa muziki. Kisha chukua kitu kimoja tu kisichowezekana ukiweke ndani ya maisha yenu halisi: kwamba bendi ya zamani inapiga ndani ya makopo yake ya rangi, kwa mfano, au kwamba mnacheza rumba na wachoraji waliokufa kwenye kituo cha mwendokasi. Kimoja kinatosha, viwili vitaanza kugombana. Kisimulie bila kushangaa. Na kama ndoa yenu imewahi kupita mahali pagumu, kama nyingi zinavyopita, usilitaje jambo lenyewe mbele ya wageni, ila acha neno moja ambalo mkeo peke yake atalielewa. Waswahili tumekuwa hodari wa mafumbo ya namna hiyo tangu enzi za washairi wa Lamu na Pate, kwa hiyo hilo hutahitaji kulikopa kokote.

Kwa upande wa sauti, watu watano ni idadi inayotosha kabisa, maana vikundi vingi vya duwopu vilikuwa vya watu wanne au watano. Wewe simama mbele na simulizi. Mmoja apande juu kwa falseto, ile sauti nyembamba ya juu, wawili wajaze katikati kwa vokali ndefu za "uu" na "aa", na besi atembee kwenye mizizi ya kodi, yaani noti ya msingi ya kila mkusanyiko wa noti zinazosikika pamoja. Mzunguko uliozoeleka ni wa kodi nne: ukiwa kwenye C utakwenda Am, F, kisha G, na kurudi. Kila pigo ligawanyike mara tatu, polepole, ili dansi ya wawili iwezekane. Moonglows walikuwa na ujanja wa kuanza vokali kwa pumzi kidogo, kama mtu anayepuliza, na hilo hufanya waitikiaji wasimfunike msimulizi. Kiswahili kitawasaidia hapa, kwa sababu silabi zetu karibu zote huishia na vokali na sauti huungana bila kupigania konsonanti. Funguo wa wimbo uchagueni kwa kumfuata msimulizi, wala si kwa kumfuata mwenye falseto anayetaka kuonyesha uwezo. Katika kwaya huyu yupo kila mara. Na msiogope kwamba mnaiga Wamarekani. Vikundi vya Johannesburg kama Manhattan Brothers vilikuwa vikijifunza kwa santuri za Mills Brothers na Ink Spots, waliotangulia duwopu, tangu kabla wazazi wenu hawajaoana, na Simon mwenyewe miaka mitatu baada ya wimbo huu alikuwa akirekodi na Ladysmith Black Mambazo, kikundi cha Afrika Kusini.

Yako mambo ambayo ushauri wa maandishi hauwezi kuyatatua. Upatanisho wa sauti ni mmojawapo. Mkishapata melodia na kodi, mtafuteni mwalimu wa kwaya mwenye masikio makali akae nanyi chumbani mara mbili au tatu, kwa sababu kosa la sauti ya katikati kushuka taratibu hamtalisikia wenyewe mkiwa mnaimba. Falseto nayo ina hatari yake. Isiimbwe kwa kukaza koo, na mazoezi yake yawe mafupi. Mwenzenu akipata maumivu wakati wa kuimba, apumzike siku hiyo. Sauti ikikwaruza kwa zaidi ya wiki tatu, aende kwa daktari wa masikio, pua na koo atazamwe nyuzi za sauti, na asijitibu kwa tangawizi peke yake. Na ikiwa baada ya sherehe mtapenda kuurekodi na kuuweka hadharani, pelekeni utunzi wenu kwanza COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, usajiliwe chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, mkiwa mmekubaliana kwa maandishi nani ni mtunzi wa maneno na nani wa melodia. Makubaliano hayo yaandikeni kabla ya mazoezi ya kwanza, wakati bado wimbo haujampendeza mtu yeyote nje ya chumba chenu.